Redio Mpya ya Mwalimu wa Kwaya

Kosa langu la kwanza kwa Mwalimu lilikuwa kosa la usafi. Aliniletea gari lake niangalie redio iliyokuwa ikitafuna kaseti, na mimi, badala ya kutengeneza kilicholetwa, nikatengeneza kila kitu. Niliitoa redio, nikaipangusa vumbi, nikasugua kila kitufe kwa pamba na thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Kando ya kitufe cha balansi, kile cha kugawa sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, palikuwa na nukta nyekundu kama tone la rangi ya kucha. Nikaona ni uchafu. Nikaifuta. Kitufe chenyewe kilikuwa kimezungushwa mbali sana upande wa kushoto, nikakirudisha katikati, mahali ambapo kitufe cha balansi kinapaswa kuwa, na nikajisikia vizuri kama mtu aliyenyoosha picha iliyokuwa imelala upande ukutani.

Alipokuja kuchukua gari aliketi kwenye usukani, akanyoosha mkono, akagusa kile kitufe kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa kinatafuta kitu. Hakikukipata.

"Umesafisha," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimesafisha yote."

"Ĩĩ. Naona."

Akawasha gari, akaenda. Nilidhani amenisifu. Nilikaa na sifa hiyo wiki mbili, mpaka aliporudi na kusimama mbele ya kibanda changu bila kuzima injini.

"Fundi, wanawake hawasikiki."

Gari lenyewe ni la zamani, la kulala ndani. Nyuma lina kitanda cha kukunja, jiko la gesi la moto mmoja, na sinki ambalo halijawahi kutoa maji tangu alinunue kwa wamishenari wawili waliokuwa wakirudi kwao. Viti vya mbele vinazunguka, ukiegesha unaweza kugeuka ukatazama ndani kama uko sebuleni. Hapa mjini Kitui watoto waliliita nyumba ya Mwalimu. Hawakukosea sana. Alikuwa akifundisha kwaya za makanisa, Jumamosi hii Matinyani, Jumamosi ijayo Nunguni kule juu Makueni, na katikati vikanisa ambavyo havina hata bango barabarani, na kote huko alilala ndani ya gari.

Alikuwa na njia ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Wimbo mpya aliurekodi kwanza kwenye kaseti kwa waimbaji wachache aliowaamini, wanawake upande wa kushoto, wanaume upande wa kulia. Akifika kanisani aliegesha gari kwenye kivuli cha ukuta, akafungua mlango wa pembeni, na kwaya ikasimama nje, wanawake kushoto kwake na wanaume kulia vilevile, kama watu wanaongoja kugawiwa chakula. Akizungusha kitufe kushoto kabisa, zilitoka sauti za wanawake peke yake. Akizungusha kulia, wanaume. Kila upande ukishashika sehemu yake, alirudisha kitufe mahali pake na wimbo mzima ukatoka, na watu wakacheka, maana kila mmoja alikuwa amejifunza kipande tu na sasa anasikia kilikuwa kipande cha nini. Mimi niliona jambo hilo mara moja kabla sijamharibia, siku nilipopeleka betri Matinyani. Nilisimama nyuma ya mti wa uani nikijifanya nafunga viatu.

Ndiyo maana kitufe kile kilikuwa na maana kuliko redio yenyewe. Na ndiyo maana, aliposema wanawake hawasikiki, sikuuliza swali hata moja. Niliamini papo hapo kwamba nimekosea.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo mengine hayataeleweka. Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu. Redio mpya ya kwanza niliyofunga kwenye gari la zamani niliiunguza, kwa sababu niliunganisha nyaya za spika na bodi ya gari, jinsi nilivyozikuta kwenye ile ya zamani, na redio za siku hizi hazivumilii hilo. Ilitoa moshi mwembamba kama wa sigara. Tangu siku hiyo ninapomaliza kazi huwa naifungua tena. Naangalia nyaya, nafunga. Nikifika chumbani naikumbuka skrubu moja, na asubuhi nafungua mara ya tatu. Mtu aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia, basi, imetosha. Jumapili siendi kanisani, si kwa kukosa imani bali kwa sababu naogopa nitasimama wakati wengine wameketi.

Kwa hiyo nililivua lile gari milango yake. Nilibadilisha nyaya za kushoto, nikabadilisha spika ya kushoto, nikaleta ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Nilipima umeme kwa mita. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikafunga. Mwalimu akaketi, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Bado wako mbali. Ni kama wanaimbia kule mji wa Mwingi."

Nikafungua tena. Mara tano nilifanya hivyo kwa muda wa miezi kadhaa, mpaka mama anayeuza chai kando ya kibanda changu akaniambia, "Wewe fundi, hilo gari litazeeka kwa kuvuliwa nguo kila siku."

Mwalimu hakunikasirikia hata mara moja. Alikuwa akikaa kwenye benchi la mama wa chai wakati nikifanya kazi, mgongo wima, kofia juu ya goti. Alikunywa chai isiyo na sukari na kikombe alikiosha mwenyewe kabla ya kunywa na baada ya kunywa, jambo lililomuudhi mama wa chai kiasi cha kumwambia siku moja, "Mwalimu, hicho kikombe kimeokoka kuliko wewe." Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso.

Alikuwa na uma wa chuma wa kutafutia sauti. Aliugonga kwenye goti na kuupeleka sikioni, na watu walinyamaza wenyewe. Wanakwaya aliwaambia wasifungue mdomo mpaka wamsikie aliye kando. "Mwimbaji mbaya ni yule anayejisikia mwenyewe," alisema, na alisema hivyo kwa wazee wa kanisa pia wakati hawaimbi. Kwaya nzima aliisifu kwa urahisi. Mtu mmoja mmoja hakumsifu kamwe. Msichana akimaliza kuimba kipande chake peke yake, vizuri hadi watu wanafuta macho, Mwalimu alimwambia tu, "Rudi mahali pako."

Ukitembea naye alikuwa anakuhamisha. Ukiwa kushoto kwake, alisimama kidogo, akakuzunguka, mkaendelea wewe ukiwa kulia. Nilidhani ni adabu ya wazee, ananikinga na magari.

Alikuwa hapendi kulala kwa watu. "Nikilala kwako," alisema, "watoto wako watatolewa kitandani, na kesho wataniangalia hivyo." Lakini hakuegesha mbali. Aliegesha karibu na jikoni kabisa, akaacha mlango wa pembeni wazi, ili asikie sufuria zikigongana na watu wakigombania muthokoi uliobaki, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe. Chakula alicholetewa alikila garini. Na redio haikuzimwa. Hata akiwa hasikilizi, hata akiwa anazungumza nawe, ilikuwa ikinong'ona habari za bei ya ng'ombe au mahubiri. Nilimwambia inamaliza betri.

"Nikiizima," alisema, "nasikia jinsi gari lilivyo kubwa."

Chumba changu ni kidogo kuliko gari lake, lakini nilimwelewa.

Redio ya zamani ilipokufa kabisa, tulianza kutafuta nyingine, na kutafuta huko kukatuchukua msimu mzima wa kiangazi. Sijawahi kuwa na kazi niliyoipenda hivyo na iliyoninyima usingizi hivyo. Nilikuwa na orodha kwenye daftari. Iwe fupi, kwa sababu nyuma ya dashibodi ya gari lile kuna bomba la hewa na redio ndefu haiingii. Isiwe na taa kali, mtu analala mita mbili kutoka hapo. Isisahau stesheni kila akizima gari. Na kitufe cha balansi kiwe kitufe cha kushika kwa vidole, kisiwe kimefichwa.

Ya kwanza niliyomwonyesha ilikuwa na skrini ya kugusa. Niliibeba kama keki. Nikamwonyesha jinsi ya kufika kwenye balansi: unagusa hapa, halafu hapa, halafu hapa, unavuta.

"Na kwaya inafanya nini wakati navuta?"

"Inangoja, Mwalimu."

"Watu arobaini wananitazama mgongo nikigusa gusa. Toa. Mimi nataka kusikia, sitaki sinema."

Ya pili ilikuwa ndogo, ya flashi, na taa za buluu zilizorukaruka zenyewe. Mama wa chai aliipenda. Mwalimu aliitazama ikiruka kwa muda wa wimbo mzima, kisha akauliza kama ninaweza kuipa dawa ya kutulia.

Ya tatu nilidhani ndiyo. Ilitoka kwenye gari lililotumika Japani, ina mahali pa kaseti, ina vitufe viwili vya kuzungusha, na balansi iko kama pete nyuma ya kitufe cha sauti. Mwalimu aliishika kwa mikono miwili. Niliifunga siku nzima, kwa uangalifu wa mtu anayevisha bibi harusi. Tukawasha, ikaleta upepo mtupu. Namba za FM za redio za huko zinaishia chini, kabla ya mahali ambapo stesheni zetu nyingi zinaanza. Nilikuwa najua jambo hilo. Nililisoma, nikaliandika kwenye daftari, nikalisahau kwa sababu ya zile pete nzuri. Niliomba msamaha mara nyingi mno.

"Fundi," aliniambia, "umeomba msamaha mara sita. Mara ya kwanza ilitosha, hizo tano unamwomba nani?"

Mwishowe niliamua kitu ambacho hakiuzwi. Nilichagua redio fupi ya kawaida ya flashi, isiyo na mbwembwe, na chini yake nikaanza kutengeneza kisanduku cha bati chenye kitufe kimoja tu kikubwa cha kuzungusha, balansi peke yake. Kaseti zake zote ningezihamishia kwenye flashi. Alikubali. Alileta kaseti kwenye sanduku la viatu, zaidi ya arobaini, kila moja na mwandiko wake ulionyooka, jina la wimbo na mwaka.

Siku hizo hizo alikuja kibandani mwenyekiti wa kwaya ya Matinyani, mwanamke wa makamo anayeuza nguo sokoni. Alitaka waya wa kuchaji simu, lakini hakuutazama.

"Wewe ndiye fundi wa Mwalimu?"

"Ndimi, mama."

"Basi fanya haraka na hiyo redio. Tumekuwa wa mwisho kwenye mashindano ya makanisa. Wa mwisho! Mwamuzi amesimama mbele ya watu akasema wanawake wa Matinyani wanaimba kama wanafukuza nyani shambani."

Sikuweza kujizuia, nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Na ni Mwalimu ametufundisha hivyo. Kila siku, wanawake siwasikii, ongezeni. Tunaongeza. Siwasikii. Tunaongeza. Mimi nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana, na mwaka huu nimerudi nyumbani bila sauti ya kuitia kuku."

"Mmemwambia?"

"Nani amwambie?" Alipunguza sauti. "Wazee wa kanisa wameamua. Akiendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka, wanatafuta mwingine. Makanisa mengine yamemwacha polepole, hawamwambii, hawamwiti tu. Amebaki na sisi na Nunguni. Tukimwacha sisi, fundi, huyo mzee atakuwa anaendesha gari kwenda wapi?"

Alilipia waya, akaenda. Nilibaki nimeshika bisibisi. Niliamini ni mimi. Nilikuwa nimefuta nukta, nimesogeza kitufe, na sasa kwaya nzima imekuwa ya mwisho.

Jumapili mji ukiwa kimya na maduka yamefungwa, nilikaa kibandani kuhamisha kaseti. Kwenye kompyuta, sauti inaonekana kama vilima viwili, cha juu ni upande wa kushoto, cha chini upande wa kulia. Nilianza na kaseti za zamani. Vilima vilikuwa sawa, kama vimekatwa kwa rula, na mimi mpenda rula nilifurahi. Nikaendelea kufuata miaka. Mahali fulani katikati ya sanduku, kilima cha wanawake kikaanza kupanda. Kaseti iliyofuata, kikapanda zaidi. Za mwisho kilikuwa kimejaa hadi kukatwa kichwa, kikawa ukuta, na chini yake wanaume wamekuwa vichuguu.

Nilichelewa kuelewa kwa sababu nilikuwa bado natafuta kosa langu. Lakini kaseti hizi hazikurekodiwa kwa redio ya gari. Zilirekodiwa kwa mashine nyingine, na nyingi zilirekodiwa kabla sijamjua. Nikakumbuka anavyonihamisha nikitembea kushoto kwake. Nikakumbuka uma wa chuma: siku zote anaupeleka sikio la kulia. Nikakumbuka kitufe kilichovutwa kushoto na alama nyekundu niliyoisugua kwa thina. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaharibika mwaka baada ya mwaka, na hakikuwa waya.

Nitakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikitengeneza kisanduku kile kwa namna ambayo kitufe kingeonyesha katikati huku sauti ikiegemea kushoto. Ni kazi ya kipande kimoja kidogo ndani, hakuna ambaye angejua. Angeketi kwenye usukani, angesikia wanawake, angesema fundi umefanya vizuri. Kilikaa hivyo juu ya meza yangu siku mbili, kizuri, kimepigwa rangi. Nilikuwa na hamu kubwa sana ya kuambiwa nimefanya vizuri. Kisha nikakumbuka kwamba yeye angekuwa ndani ya gari, lakini kwaya ingekuwa nje. Nje wangeendelea kufukuza nyani, na wazee wa kanisa wangeendelea kuhesabu miezi. Nikakifungua, nikatoa kile kipande. Kaseti za karibuni nazo nikazisawazisha vilima vyake.

Alikuja Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimefunga redio na kisanduku, kitufe katikati kabisa. Aliketi kwenye usukani, nami nikasimama mlangoni kwake. Niliweka wimbo mmoja wa zamani, wa miaka ile ya vilima sawa.

Alisikiliza ubeti wote.

"Wanaume wapo," alisema. "Wanawake umewaua kabisa."

"Mwalimu, naomba uzungushe kiti."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu. Geuka utazame nyuma."

Alinitazama, kisha akavuta kile chuma cha kufungulia chini ya kiti na kiti kikazunguka kikilia. Sasa alikuwa ameupa mgongo usukani, anatazama kitanda chake na jiko lake, na sikio lake la kulia lilikuwa limeelekea spika ya kushoto. Uso ulimbadilika kama mtu aliyeitwa kwa jina sokoni.

"Aiya! Hawa hapa," alisema. "Wazi kabisa. Huyu wa juu ni yule aliyeolewa Mwingi. Ulikuwa umewaficha wapi?"

Ubeti wa pili ukaanza. Alikuwa anatabasamu, anapiga mdundo kwa vidole kwenye goti, halafu vidole vikaacha.

"Wanaume wamekwenda wapi?"

Alizungusha kiti kikatazama mbele. Akasikiliza. Akakirudisha nyuma. Mara tatu alifanya hivyo, kile chuma kikilia kila mara, na mama wa chai aliacha kuosha vikombe akatutazama. Kisha Mwalimu akanyoosha mkono akaizima redio. Sikuwahi kumwona akiizima.

"Umejua tangu lini?"

"Jumapili, nilipohamisha kaseti."

"Mimi nilijua kidogo," alisema. "Kidogo tu, kiasi cha kutosha kuweka alama. Nilifikiri sikio halitazidi kuharibika." Alipitisha mkono kwenye kofia. "Kwenye kaseti kosa linaanzia wapi?"

Nilimwambia mwaka. Alianza kuhesabu kwa vidole, na nilijua anahesabu kwaya, si miaka. Vidole vilimwishia.

"Watoto wa watu," alisema. "Nimewapigisha kelele watoto wa watu."

Nilitaka kumwambia lolote. Kama kawaida yangu, nilikuwa natafuta sentensi isiyo na kosa, na nilipokuwa bado naitafuta alikuwa ameshageuza kiti na kuwasha gari.

"Redio ni nzuri," alisema, na akaondoka.

Hakurudi. Mwezi wa kwanza niliona ni kawaida. Mwezi wa pili nilipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Benchi lake walikaa watu wengine. Mama wa chai aliniuliza, "Rafiki yako yuko wapi siku hizi?"

"Si rafiki, ni mteja."

"Haya. Mteja wako yuko wapi?"

Nilirudi kibandani nikafungua redio ya mtu ambayo haikuwa na kosa lolote. Nilijiambia afadhali ningekiacha kile kipande ndani ya kisanduku. Angalau angekuwa hapa, nami ningekuwa na mtu wa kumkosea.

Mwenyekiti wa Matinyani ndiye aliyeniambia yuko Nunguni. Nilienda Jumamosi moja ya Julai, nikabadilisha magari mawili, na nilipofika ukungu ulikuwa umekaa juu ya soko na wauza kabichi wamevaa makoti. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya kanisa, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Nilibisha upande wa kushoto mara nyingi kabla akili haijanijia. Nikazunguka, nikabisha kulia.

"Fundi," alisema alipofungua. Hakuonyesha mshangao. "Ingia, baridi inaingia na wewe."

Alikuwa anakula muthokoi kwenye kopo. Akanipakulia kwenye kifuniko. Redio ilikuwa ikinong'ona.

"Matinyani nilikwenda mwenyewe," aliniambia bila kuulizwa. "Nikasimama mbele yao, nikasema sikio la kushoto limekufa na nimewaimbisha kwa sikio moja miaka yote hii. Unajua walifanya nini? Waliniombea. Nusu saa nzima. Mzee mmoja akalipulizia sikio mpaka mate yakaingia. Wakauliza, Mwalimu, unasikia? Nikasema nawasikia vizuri sana. Sikuwaambia ni kwa lile la kulia."

Tulicheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha ndani ya gari dogo.

"Wamepata mwingine?"

"Kijana. Ana kinanda."

"Anafundisha vizuri?"

"Vizuri sana. Inauma." Alikwangua kopo. "Hapa bado hawajui. Nimekaa nao miezi yote hii nikiimbisha kwa kubahatisha. Leo nawaambia. Kwa hiyo usiende, unaweza kunisaidia kushuka hii milima kama wakinifukuza."

Kwaya ilikuja saa nane, watu kama thelathini, wamejifunga shuka na leso. Aliwaambia hapo hapo kanisani kwa maneno machache, kama anatangaza namba ya wimbo. Mwanamume mmoja mnene wa sauti ya nne, ile ya besi, akainua mkono.

"Sasa Mwalimu, tukikosea utajuaje?"

Mwalimu alishika uma wake wa chuma bila kuugonga. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho kule nyuma nilikokuwa nimejibanza karibu na mlango.

"Fundi, njoo. Simama hapa." Akanionyesha kushoto kwake. Sikuwahi kumwona akimweka mtu hapo. "Huyu ndiye aliyefunga redio yangu. Ana masikio mawili na hajui muziki hata kidogo, kwa hiyo hatampendelea mtu."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimelowa jasho katika baridi ile. Akagonga uma, wakaimba. Sijui niseme nini juu ya kusimama mbele ya watu thelathini wanaoimba kukuelekea, isipokuwa kwamba sikuwa na mahali pa kuangalia. Walipomaliza ubeti, aliinama kwangu.

"Wanawake?"

Sikuwa na mita. Sikuwa na kompyuta wala vilima. Nilitaka kuomba warudie, na ninavyojijua ningetaka warudie mara ya tatu.

"Fundi, watu wanangoja."

"Wamezidi."

"Sana au kidogo?"

"Kidogo."

Aliinua mkono wake kuelekea wanawake, akaushusha kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili. Wakaimba tena. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alinitazama wakati wote kama nimemtusi, lakini alishusha. Mwalimu alifumba macho, kichwa kimeinamia upande mmoja. Sauti ile haikuwa kama vilima vilivyokatwa kwa rula. Mwanamume mnene alikuwa anachelewa, na kuna mtu nyuma aliyekuwa akikohoa. Walifika mwisho na mkono wa Mwalimu haukuwasimamisha.

Hawakumfukuza. Walipotoka mmoja mmoja walimshika mkono, na yule bibi akaniambia, "Jumamosi ijayo vaa sweta." Mwalimu mwenyewe hakunisifu. Aliniambia nilichelewa kujibu.

Imepita zaidi ya mwaka sasa. Mwalimu ana kwaya moja tu, hiyo ya Nunguni. Bado analala garini, karibu na jikoni la mtu, na bado anakula peke yake siku nyingi. Mimi bado nakaa chumba kimoja na bado nafungua kazi iliyokwisha, ingawa si mara tatu. Kilichobadilika ni kwamba kibanda changu hakifunguliwi Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nina mahali pa kwenda, na huko naulizwa swali na kujibu papo hapo.